Nunua laptopu ya saa za mkono

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kusomea usanifu majengo yanapotoka, simu yangu hujaa swali lilelile: ninunue laptopu gani? Mara nyingi anayeuliza keshaambatanisha picha ya tangazo, na kwenye tangazo kuna mashine nene nyeusi yenye kibodi inayowaka rangi zote, na jina la kadi ya grafiki limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kompyuta yenyewe. Mzazi naye anasubiri jibu, kwa sababu ndiye atakayelipa. Huwa sianzi kwa kutaja mashine. Naanza kwa kumuuliza saa zake atazitumia wapi.

Kazi ya studio ina saa za aina mbili. Kuna saa za mkono: umekaa mbele ya skrini, unachora ukuta, unausogeza, unaigeuza modeli uitazame kwa nyuma, unafuta ngazi uliyoichora jana kwa sababu leo umegundua inatua mbele ya mlango wa choo. Halafu kuna saa za mashine: umebonyeza kitufe cha kurenda, yaani kuigeuza modeli kuwa picha inayofanana na jengo halisi, kompyuta inahesabu mwanga na kivuli, nawe huna la kufanya ila kusubiri. Matangazo karibu yote huuza saa za mashine, maana ndizo zenye namba kubwa na picha za kuvutia. Lakini mfuatilie mwanafunzi muhula mzima utaona kwamba siku zake zinaishia kwenye saa za mkono. Renda inaweza kukesha mezani wewe umelala. Inaweza kupelekwa kwenye kompyuta za maabara ya chuo au kwa rafiki mwenye mashine kubwa. Saa za mkono hakuna wa kukusaidia kuzibeba. Kompyuta ikikwama hata nusu sekunde kila unapozungusha modeli, unaanza kuizungusha mara chache, na mwanafunzi anayeogopa kuigusa modeli yake hukubali wazo la kwanza lililomjia.

Ushauri wangu wote unaofuata umeelemea upande huo, na nauelemeza kwa makusudi.

Kabla ya kutazama namba yoyote, ulizia chuo chako kinafundisha kwa programu gani. Revit, programu ya kujenga modeli ya jengo ambayo kampuni ya Autodesk iliinunua mwaka 2002 na leo inatumika katika ofisi nyingi za wasanifu, huendeshwa kwenye Windows peke yake. Ndivyo zilivyo pia 3ds Max na Lumion. Archicad, iliyoanzia kwenye kompyuta za Apple miaka ya 1980, inafanya kazi kwenye Windows na Mac, sawa na Rhino, SketchUp, Blender na programu za Adobe. AutoCAD ina toleo la Mac, ingawa halina kila kilichomo katika lile la Windows.

Zamani mwenye Mac aliweza kuweka Windows pembeni kwa njia ya Boot Camp, programu ya Apple yenyewe, akawasha kompyuta upande autakao. Tangu Apple ilipoanza kutumia chipu zake yenyewe, Novemba 2020, mlango huo umefungwa kwa mashine zote za chipu hizo. Kilichobaki ni kuendesha Windows ndani ya programu kama Parallels, na Windows hiyo ni ile iliyotengenezwa kwa chipu za ARM, aina tofauti na chipu za kawaida za Intel na AMD, ambayo Autodesk haiitambui kwa ajili ya Revit. Wapo wanaoifungua Revit humo na ikafunguka. Mimi siwezi kumshauri mtu ajenge muhula wake juu ya bahati hiyo, kwa sababu siku itakapogoma hakuna fundi wa kumlalamikia. Tahadhari ni hiyohiyo kwa laptopu mpya za Windows zenye chipu za Snapdragon: ni nyepesi, betri zake zinadumu, lakini nazo ni ARM. Kwa upande mwingine, kama chuo chako kinatumia Rhino na Archicad, MacBook yenye chipu ya Apple ya M ni chaguo zuri kweli. Iko kimya, haichemki haraka, na ukiichomoa kwenye umeme inaendelea na kasi ileile. Sifa hiyo ya mwisho ni adimu kuliko watu wanavyodhani, na nitairudia.

Jambo dogo ambalo huwatesa sana wanaofanya kazi za kikundi: faili la Revit lililohifadhiwa kwenye toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani, wala hakuna namna ya kulirudisha nyuma. Kikundi kizima kinatakiwa kukubaliana toleo moja siku ya kwanza. Kwa hiyo laptopu yako iwe na uwezo wa kuendesha toleo linalotumika chuoni sasa, na matoleo ya miaka ya mbele unakoelekea. Kuhusu leseni usiwe na wasiwasi mkubwa. Autodesk huwapa wanafunzi programu zake bure kwa mwaka mmoja unaoweza kuhuishwa, na watengenezaji wa Archicad nao wana leseni ya bure ya masomo. Fedha yako iende kwenye mashine.

Sasa tuje kwenye prosesa, na hapa nitakaa kidogo.

Prosesa ya leo ina viini vingi, yaani vitengo vya kuhesabu vinavyofanya kazi sambamba ndani ya chipu moja. Tangazo litakwambia viini 14, 16, 24, na utaamini kwamba vikiwa vingi kazi inakwenda mbio. Kwenye renda ni kweli. Kila pikseli ya picha inaweza kuhesabiwa bila kungoja jirani yake, kwa hiyo ukiwa na viini 16 kazi hugawanywa mara 16 na kila kimoja kikaendelea na kipande chake. Kwenye kuchora hali ni tofauti kabisa. Chukua mfano wa kusogeza ukuta katika Revit. Ukuta ukihama, dirisha lililomo ndani yake lazima lihame nao. Dirisha likishatulia, chumba kinahesabiwa upya eneo lake. Chumba kikibadilika, sakafu na dari vinafuata, kisha mchoro wa seksheni, unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa katikati, unachorwa upya, kisha jedwali la vyumba linasahihishwa. Kila hatua inaingoja iliyotangulia. Viini 15 vinabaki vimekaa kimya vikimtazama mwenzao mmoja akifanya kazi. SketchUp nayo huchora kwa kiini kimoja, na katika Grasshopper, sehemu ya Rhino ya kuchora kwa kanuni, sehemu kubwa ya kazi hupita kwa foleni kwa sababu ileile: kipande cha pili hakina cha kuhesabu mpaka cha kwanza kimalize.

Maana yake ni kwamba katika saa za mkono, kinachokusaidia ni kasi ya kiini kimoja. Hiyo hupimwa kwa vipimo vinavyoandikwa alama za kiini kimoja na alama za viini vyote. Tazama za kwanza kabla ya za pili. Mara nyingi utakuta prosesa ya daraja la kati ya kizazi kipya inaishinda prosesa ya daraja la juu ya vizazi vinne vilivyopita, ingawa ile ya zamani ina jina kubwa zaidi. Kwa upande wa Intel, tazama pia herufi iliyo mwishoni mwa jina. Kwa miaka mingi herufi U imekuwa ya prosesa za kuokoa betri, zilizopangiwa takriban wati 15, na H imekuwa ya zile za wati 45 hivi. Laptopu mbili zinaweza kuandikwa i7 zote, moja ikiwa ya mtu wa barua pepe na nyingine ya mtu wa modeli. Muuzaji hatakwambia, kwa sababu mara nyingi hata yeye hajui.

Baada ya prosesa inakuja RAM, kumbukumbu ya muda inayobeba kila ulichofungua, na hapa ndipo naomba wazazi wasibane. GB 8 haitoshi. Sisemi itakuwa polepole, nasema haitoshi: mfumo wenyewe wa Windows, kivinjari chenye kurasa kadhaa na Revit tupu vitaimaliza kabla hujaweka ukuta wa kwanza. GB 16 ndicho kima cha chini kinachokubalika, na kwa mtu anayetaka mashine imfikishe mwaka wa mwisho nasema GB 32 bila kusita. Wengi wanaotumia Revit hukadiria kwamba modeli inapofunguliwa hula RAM mara 20 ya ukubwa wa faili lake. Faili la MB 300, ambalo si ajabu kwa mradi wa mwaka wa nne, linaweza kutaka takriban GB 6 peke yake, na wewe huwa hukufungua hilo tu.

Watu husahau kwamba mabango ya kuwasilisha kazi ndiyo yanayokula RAM kuliko hata modeli. Fanya hesabu hii pamoja nami. Karatasi ya A1 ni milimita 594 kwa 841. Ukiiweka kwenye Photoshop kwa pikseli 300 kwa inchi, unapata pikseli 7,016 kwa 9,933, yaani karibu pikseli milioni 70. Leya moja, yaani tabaka moja la picha, iliyojaa rangi, bila kubanwa, ni zaidi ya MB 200. Weka leya ya anga, ya miti, ya watu, ya vivuli, ya maandishi, ya nyasi, na nakala mbili ulizojiwekea kwa usalama, tayari umevuka GB 1.5, na bado Photoshop inakumbuka kila hatua uliyopita ili uweze kurudi nyuma. Niliwahi kumsimamia mwanafunzi mwenye mkono mzuri ajabu ambaye usiku wa kuamkia jopo la kutathmini kazi alipandisha bango lake hadi pikseli 600 kwa inchi, akiamini litatoka safi zaidi. Alikuwa amezidisha pikseli mara nne. Kompyuta yake ya GB 8 ilianza kuandika kwenye diski kile ambacho RAM imeshindwa kubeba, na kila mguso wa brashi ukawa wa kusubiriwa. Tuliirudisha hadi 150, ikachapwa, na hakuna mjumbe wa jopo aliyeona tofauti akiwa amesimama umbali wa mita moja na nusu. Bango la ukutani hutazamwa kwa mbali. Ujuzi huo ni wa bure na unaokoa RAM nyingi, lakini haubadilishi ukweli kwamba GB 8 ilikuwa ndogo.

Kabla hujalipa, uliza kama RAM imechomelewa kwenye ubao au inabadilika. Laptopu nyingi nyembamba za leo, na MacBook zote, zimechomelewa. Ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. Kama inabadilika, unaweza kuanza na GB 16 na kuongeza mwaka wa tatu mambo yakikunyookea. Hilo peke yake linaweza kuwa sababu ya kuchagua mashine nene kidogo na kuiacha iliyo nyembamba na nzuri.

Kadi ya grafiki, chipu inayochora picha kwenye skrini, nimeichelewesha makusudi, kwa sababu ndiyo ambayo watu huanza nayo. Katika kuchora plani na seksheni kazi yake ni ndogo. Katika kuzungusha modeli ya ukubwa wa wastani, kadi ya daraja la kati inatosha na kubaki. Panapobadilika ni kwenye programu za kurenda papo kwa papo, kama Enscape, Twinmotion, Lumion na D5, ambazo hukuonyesha jengo lenye mwanga na nyasi huku bado unalichora. Nakiri kwamba programu hizi zimeuvuruga kidogo mpaka wangu kati ya saa za mkono na saa za mashine. Mwanafunzi anayebuni huku dirisha la Enscape limefunguka pembeni anautumia mwanga kama penseli, na hilo ni jambo jema; nimeona madirisha yakihamishwa mahali sahihi kwa sababu mtu aliona jua la saa kumi likimpiga machoni. Kwa kazi hiyo unahitaji kadi inayojitegemea, isiyo sehemu ya prosesa, na kwa kampuni ya NVIDIA namaanisha familia ya RTX, ambayo tangu 2018 ina sehemu maalumu za kufuata miale ya mwanga.

Ukiichagua, tazama vitu viwili ambavyo tangazo huvificha. Kwanza ni kumbukumbu ya kadi yenyewe. Miti, majani, vitambaa na picha za matofali vyote hupakiwa humo. Kumbukumbu hiyo ikijaa, programu huanza kukwama au kuzimika kabisa. GB 4 zitakukera mapema, GB 6 zinavumilika, GB 8 zinakufikisha. Pili ni wati. RTX 4060 ya laptopu inaweza kulishwa kati ya wati 35 na 115, kutegemea mtengenezaji alivyoamua, na zote mbili zitauzwa kwa jina lilelile. Ile ya wati 35 kwenye mwili mwembamba haiwezi kufanya kazi ya ile ya wati 115. Namba hiyo hupatikana kwenye ukurasa wa vipimo vya mtengenezaji, mara nyingi chini kabisa. Kadi za kitaalamu, zilizokuwa zikiitwa Quadro, ni nzuri na zina vyeti vya programu za uhandisi, lakini sijaona mwanafunzi aliyezihitaji kiasi cha kulipa zaidi kwa ajili yake.

Skrini ndicho kitu ninachokitetea kuliko vyote kwa sababu hakuna anayekiuliza. Ni uso wa kazi yako kwa miaka mitano. Laptopu za kucheza michezo za bei ya chini huja na skrini zilizoandikwa NTSC asilimia 45, kipimo cha upana wa rangi, na hiyo ni takriban theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, ambazo ndizo kipimo cha kawaida cha picha za kompyuta. Matokeo yake unachagua kijivu cha zege chenye joto kidogo, kikachapwa kikatoka na uwekundu ambao hukuwahi kuuona. Tafuta skrini iliyoandikwa sRGB asilimia 100 au karibu na hapo, yenye mng'ao wa niti 300 au zaidi. Umbo la 16 kwa 10 ni bora kwetu kuliko 16 kwa 9, kwa sababu programu zetu hujaza juu na chini kwa vitufe, na ile mistari 120 ya pikseli inayoongezeka kutoka 1,080 hadi 1,200 ndiyo nafasi ya mchoro. Skrini ya 4K kwenye inchi 15 sioni faida yake. Inakula betri, inaisumbua kadi, na jicho halioni.

Joto na umeme vinaenda pamoja. Chipu ikikaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo kasi ya dakika ya kwanza na kasi ya nusu saa baadaye zinaweza kuwa vitu viwili tofauti. Unaposoma tathmini ya mashine, tafuta ile iliyopima kwa muda mrefu. Na laptopu nyingi zenye kadi kubwa, ukizichomoa kwenye umeme, hushuka kasi vibaya sana, kwa sababu betri haiwezi kutoa wati ambazo chaja inatoa. Kama studio yenu ina soketi chache na watu wengi, hilo ni suala la kila siku. Uzito nao uhesabu pamoja na chaja: mashine ya kilo 2.5 yenye chaja nzito inaweza kuvuka kilo 3 begani, ukiwa umeshika modeli ya kadibodi mkono mmoja na bomba la michoro mkono mwingine.

Diski iwe SSD ya NVMe, aina ya haraka isiyo na sehemu zinazozunguka, TB 1 ukiweza, GB 512 ukibanwa. Na ununue diski ya nje siku hiyohiyo ya kununua laptopu, uhifadhi nakala kila jioni.

Za mtumba sizikatai hata kidogo. Mashine za kazi nzito zinazotolewa na makampuni, za familia kama Dell Precision, HP ZBook au ThinkPad P, zimejengwa imara, RAM yake mara nyingi hubadilika, na kibodi za zile kubwa mara nyingi zina pedi ya namba ambayo mtu wa AutoCAD ataishukuru. Hakikisha tu kwamba inakubali Windows 11, kwa kuwa Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa Intel hiyo ina maana ya kizazi cha nane kwenda juu. Omba kuona afya ya betri, na uiache ikifanya kazi mpaka feni zipige kelele.

Kuhusu lini ununue: kama mwaka wa kwanza wa chuo chako huanza kwa penseli, rula na kadibodi, na vyuo vingi hufanya hivyo, usinunue kabla ya chuo kufungua. Tumia muhula huo kukaa na wanafunzi wa mwaka wa nne, uone wanalalamikia nini. Mmoja wao atakupa faili la mradi wake wa mwisho ukimwomba kwa adabu. Lichukue kwenye flashi, pamoja na programu uliyojipakulia kwa leseni ya mwanafunzi, na umwombe muuzaji akuruhusu kuliendesha, au ulijaribu kwenye laptopu ya mtu mwenye mashine kama unayoitaka. Fungua modeli. Izungushe polepole, kisha haraka. Kata seksheni katikati. Sogeza ukuta mmoja wenye madirisha mengi ukihesabu moyoni mpaka kila kitu kitulie. Kisha chomoa chaja, usubiri dakika kumi, na urudie hayo yote kabla ya kulipa.